Umati Ulipokuwa Mwamuzi

Ngoma za Usukumani hazikuwa na jaji mwenye karatasi. Makundi mawili yaliwekwa kwenye uwanja mmoja, yakaanza kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wakaachwa huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kijijini kwetu Shinyanga tuliusubiri msimu huo mwaka mzima. Mavuno yakishaingia na hela za pamba kuanza kupatikana, kuanzia Juni hadi Agosti vumbi la uwanjani halikutulia.

Babu yangu alikuwa Mgalu. Kila mtu alikuwa wa upande fulani, Bagika au Bagalu, na chimbuko la pande hizo ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kuonyesha nani mwenye dawa kali zaidi. Dawa hiyo ya kuvuta watu inaitwa samba, na hadi nilipopata akili wazee waliizungumzia kwa uzito uleule wanaoizungumzia mvua. Mimi nilichokiona mwenyewe ni ufundi. Bagalu na Bagika walikuja na nyoka, na nungunungu, na majembe yaliyorushwa juu yakazungushwa hewani katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani, vijana wakilima kwa mstari huku ngoma ikiwahimiza.

Lakini Guku, yaani babu, hakunipeleka pale kwa ajili ya nyoka. "Ng'wanone," aliniambia, "wanaoruka waache waruke. Wewe msikilize ningi anavyojibu." Ningi ni manju, mtunzi na kiongozi wa kundi. Yule wa upande wa pili akimsema kwamba ni mvivu au ana deni la ng'ombe, alitakiwa kujibu palepale, kwa wimbo, kabla watu hawajahama. Nilipenda zaidi wigashe, ambamo wachezaji huimba wakiwa wameketi kwa safu, mikono ikienda pamoja. Pale hakuna cha kujificha nyuma yake. Ni sauti na maneno tu, na umati ulisogea kwa sababu ya maneno.

Ushindani huo wa pande mbili ulipata makao ya kudumu Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alizikaribisha ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, wakati ambapo katika makanisa mengi ngoma ilihesabiwa kuwa upagani. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa hapo mwaka 1968. Kila mwaka, katika majira ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, hufanyika Bulabo: maandamano ya Ekaristi, kisha Bagika na Bagalu uwanjani. Nilipofika mara ya kwanza nikiwa kijana, nilisikia kwaya na ngoma zikifuatana siku moja bila aibu, na nikaona kwamba mchanganyiko wenyewe hauui kitu.

Kilichobadilika kwetu kilikuja na hela nyingine. Pamba ilishuka bei, vijana wakaelekea kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na upande wa Geita wachimbaji wadogo wakajaa Nyarugusu na Mgusu. Mji wa Katoro, hukohuko Geita, ukakua hadi hautambuliki. Mchimbaji hana msimu wa mavuno. Akipata leo anataka muziki leo, tena usiku. Manju wakamfuata huko, na huko wakakutana na kinanda, gitaa la umeme na spika zilizopangwa hadi zikampita mtu urefu.

Sitaki kuulaumu muziki huo. Nyimbo za asili za akina Bhudagala na Nelemi Mbasando nazisikiliza kwenye simu na kwenye harusi, na mashairi yake bado ni ya Kisukuma halisi: kupongeza, kusuta, kutaja ukoo wa mtu hadi atoe noti mfukoni. Gitaa limejifunza mwendo wa ngoma vizuri. Kinachoniuma ni kipimo. Nimesimama Katoro katikati ya makundi mawili kama nilivyosimama utotoni, na watu wakahamia kwa mwenye spika kubwa, kwa sababu yule mwingine hasikiki. Mtunzi mzuri alikuwa upande wa pili. Nilikuwa karibu naye, nilimsikia. Jibu lake lilikuwa kali, lakini halikuvuka hatua ishirini.

Tangu 2018 Geita ina maonesho ya kila mwaka ya teknolojia ya madini, na maonesho ya namna hiyo siku hizi hayakosi jukwaa la muziki. Ningependa waandaaji watenge alasiri moja, kabla wasanii wa Bongo Fleva hawajapanda: Bagika huku, Bagalu kule, jenereta imezimwa, na kamba zilizozuia watazamaji zimeondolewa. Waitwe manju kutoka Shinyanga, Kahama na Geita, wale wanaojua kujibu palepale. Na walipwe kama wanavyolipwa wasanii wa jukwaani, pande zote mbili sawa, siku hiyohiyo.