Chumba Kimoja, Wageni Wanne

Reli haikupata kujengwa katika nchi ya Mto Tana. Mkulima wa maembe wa Ngao na karani wa Garsen, kila mmoja alipokuwa na shauri la kumpeleka Nairobi, walianza safari yao kwa basi la Malindi, wakafika Mombasa wamejaa vumbi, ndipo wakapanda gari la moshi jioni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, mpaka gari lile la usiku lilipoacha kuchukua abiria mwaka 2017. Mwenye nauli ndogo aliketi katika benchi la daraja la tatu hadi asubuhi. Mwenye nauli ya daraja la pili alipewa kitanda katika chumba cha vitanda vinne. Na hapo alikutana na jambo ambalo basi halikupata kumfundisha, yaani kuvua viatu, kulala usingizi na pengine kukoroma mbele ya watu watatu asiowajua hata majina.

Jambo hilo si dogo kama linavyoonekana. Kulala ni jambo la ndani, na watu wa pwani wamelijua hilo tangu kale. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hupokelewa kwanza katika baraza za daka, karibu na mlango; kadiri mtu anavyoruhusiwa kuingia ndivyo ajulikanavyo kuwa karibu na wenyeji, na vyumba vya ndani kabisa ni vya jamaa ya nyumba. Katika vijiji vya kando ya mto vilevile, mgeni huketishwa kivulini, hupewa maji na kuulizwa habari za njiani, kabla mtu yeyote hajataja mahali atakapolala. Kwanza maongezi, kisha chakula, kisha usingizi. Na kila hatua ina mlango wake.

Chumba cha garini hakikuwa na milango hiyo. Kilikuwa na mlango mmoja tu, uliofungwa kwa komeo, na ndani yake baraza na ndani vilikuwa kitu kimoja. Mchana na jioni kitanda cha chini kilikuwa kiti cha wote. Aliyepewa kitanda cha juu alikuwa na haki ya kuketi hapo, kula hapo na kutazama nje kupitia dirishani. Usiku ulipoingia, kiti kilekile kiligeuka kitanda cha mtu mmoja, na yule aliyeketi juu yake muda mfupi uliopita sasa alikuwa mgeni wa mwenziwe. Hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani kueleza ni saa ngapi baraza ilipokwisha na chumba cha kulala kilipoanza. Ilibidi watu wanne wapatane kwa adabu zao wenyewe.

Siku za ukoloni mambo hayo hayakuachiwa adabu peke yake. Rangi ya mtu na mshahara wake ndivyo vilivyomchagulia behewa: Mzungu mbele, Mhindi nyuma yake, na Waafrika wengi katika daraja la tatu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mpango huo haukuweza kuendelea, na mwenye tikiti alilala mahali palipoandikwa katika tikiti yake. Hata hivyo wanaume na wanawake waliwekwa mbali mbali, isipokuwa jamaa moja ilipokodi chumba kizima. Ndipo ikawezekana Mpokomo wa Garsen, mfanya biashara wa Nyeri, mwalimu wa Kisumu na Mhindi wa Mombasa kufungiwa pamoja usiku mmoja, kila mmoja na desturi zake, sabuni yake na harufu ya chakula chake.

Katika safari ya namna hiyo msafiri anadaiwa mambo matatu na wenzake: salamu, staha na ulinzi. Anayetoa moja na kuyanyima mengine hajalipa deni lake.

Salamu ndiyo nyepesi, lakini huja kwanza. Mtu mwenye malezi hupiga hodi mlangoni hata kama namba ya kitanda chake imeandikwa katika tikiti, kwa kuwa waliotangulia wamekwisha kukifanya chumba kuwa kwao. Watu wa Garsen hawakuwa na haja ya kufundishwa hayo, maana walikuwa na shule yao. Kabla ya daraja kujengwa hapo, magari yalivushwa mtoni kwa kivuko kilichovutwa kwa mikono, na abiria walingoja ukingoni mpaka zamu yao. Mto ulipofurika, kama katika mafuriko makubwa ya mwaka 1961, kungoja kwenyewe kulikuwa kwa siku nyingi. Mwenye duka aliyetoka Lamu, mfugaji wa Kiorma na mkulima wa Kipokomo walikaa chini ya mti mmoja, wakachangia moto na maji. Aliyekataa kusalimu mahali kama hapo alijiletea taabu mwenyewe, kwa sababu jioni ingemfikia akiwa hana mtu wa kumwomba hata kibiriti.

Lakini mto huohuo ulifundisha pia deni la pili. Ndani ya mtumbwi watu huketi kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, magoti yakigusa migongo. Hakuna anayeweza kuondoka, na anayetikisika atawazamisha wote. Lakini kwa kuwa kila mtu anatazama mbele, hakuna anayemkodolea mwenziwe macho. Miili iko karibu sana, na nyuso zimeachiwa nafasi. Hiyo ndiyo staha, nayo ndiyo iliyotakiwa katika chumba cha vitanda vinne. Mmoja alipobadili nguo, wengine walikumbuka ghafula kwamba kuna jambo la kutazama nje, ingawa nje palikuwa giza la Taru na hakuna kilichoonekana. Mtu wa pwani alijifunga kikoi kwanza, akavua suruali chini yake, na kwa nguo hiyo moja akajipatia chumba chake ndani ya chumba cha watu. Aliyetaka kusali alipewa nafasi ya sakafu bila kuomba mara mbili. Aliyenyamaza aliachwa na kimya chake.

Staha ngumu zaidi ni ile ya maswali. Salamu za Kiswahili ni ndefu, nazo huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mvua. Lakini kila mtu ajua kwamba jibu lake ni "njema" na kwamba haitakiwi zaidi. Ni mlango uliofunguliwa kidogo, si mwaliko wa kupekua kabati. Wako wasafiri wasiolielewa hilo. Hata gari halijaondoka stesheni, mtu amekwisha kuulizwa mshahara wake, idadi ya wake zake, sababu ya safari yake na jina la ukoo wake. Muulizaji hujiona kuwa mchangamfu, kumbe mwenziwe anahesabu saa zilizobaki kabla ya kuchwa.

Liko swali moja ambalo huko Tana linapaswa kuulizwa kwa uangalifu sana, nalo ni "Wewe ni mtu wa wapi?" Zamani lilikuwa swali la kutafuta jamaa; mtu alitaja kijiji chake, na baada ya dakika tano ikaonekana kwamba mjomba wake aliwahi kununua ng'ombe kwa babu wa yule mwingine. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma kwenye delta ya Tana, na tangu hapo swali lile lina sauti mbili. Linaweza kuwa ni undugu unaotafutwa, au linaweza kuwa ni kabila linalopimwa. Mtu aliyeondokewa na jamaa zake hawezi kujua kwa hakika ni sauti ipi anayoisikia kutoka kitanda cha juu. Kwa hiyo mwenye adabu haulizi kwanza. Hujitaja mwenyewe, akataja atokako na kazi yake, kisha akanyamaza. Mwenziwe akitaka, atajibu. Asipotaka, safari itaendelea vizuri vilevile, na hakuna aliyekosewa.

Chakula nacho kina hukumu yake. Desturi ya nchi yote ni kwamba hakuna afunguaye kikapu mbele ya watu asiseme "Karibuni." Watu wa mtoni hubeba maembe na samaki wa kukaanga, na harufu ya samaki katika chumba kilichofungwa ni jambo ambalo mwenyewe hasikii lakini wenziwe wanalijua mpaka asubuhi; kumkaribisha mtu ni namna ya kumwomba radhi pia. Lakini ni lazima kusemwa wazi kwamba wako wezi wanaotia dawa za kulevya katika biskuti na soda, wakawaibia abiria waliolala. Basi anayekataa chakula cha asiyemjua asihesabiwe kuwa na kiburi. Aseme, "Ahsante, nimeshiba," na aliyekaribisha asilazimishe. Neno "karibu" limekwisha kufanya kazi yake lilipotamkwa. Kula ni hiari.

Deni la tatu ni ulinzi, na hili ndilo zito. Historia ya reli ya Kenya ina kisa kimoja kinachojulikana sana. Usiku mmoja wa Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba aliyekuwa akiua watu hapo, nao walipatana kukesha kwa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ryall, naye usingizi ukamshinda. Simba akaingia behewani, akamwua Ryall, akatoka naye kwa kupitia dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Wageni hulitazama kwa sababu ya simba; lakini funzo lake ni kwamba walalao chumba kimoja wameaminiana roho zao, wakijua au wasijue. Aliyelala hana macho ila ya aliye macho.

Katika miaka ya baadaye hatari haikuwa simba tena. Msafiri wa Garsen analifahamu jambo hilo, maana kwa miaka mingi mabasi ya Garsen na Lamu yamepita sehemu fulani za njia kwa kulindwa na polisi. Mfano ulio mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulitokea mbali kidogo, katika kaunti ya Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walishambulia basi lililokuwa likienda Mandera, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo nguo za kujifunika kichwa wasipate kutambuliwa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa kuwatenga wenzao, alipigwa risasi, naye akafariki Januari 2016 kwa sababu ya jeraha hilo. Watu wale hawakuwa ndugu. Walikuwa wamenunua tikiti za basi moja. Saa ile ilipofika, hakuna aliyehitaji kujua mshahara wa mwenziwe wala ukoo wake. Swali la "Wewe ni mtu wa wapi?" liliulizwa kwa bunduki, na jibu likawa kwamba wote walikuwa watu wa basi lile.

Sasa gari la usiku la vitanda halipo tena kati ya Mombasa na Nairobi. Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, hutumia muda wa saa tano au sita, na haina vitanda. Viti vyake vya daraja la kawaida hutazamana, na meza ndogo iko katikati. Hakuna anayelazimika kuvua viatu mbele ya mgeni, na kila mtu ana simu ya kumpa faragha: huinama juu yake, akatia vijiti masikioni, akawa peke yake katikati ya watu mia. Faragha imeongezeka kwa namna hiyo, lakini salamu imepungua. Wapo waliosafiri goti kwa goti kutoka Miritini hadi Syokimau bila kuambiana hata "Shikamoo" wala "Kwaheri."

Ni kweli kwamba simu haikoromi wala haiulizi ukoo wa mtu. Lakini haiwezi kuangalia mzigo wa mtu anapokwenda chooni, wala kumwamsha stesheni yake inapokaribia, wala kumshika mkono mama mwenye mtoto anapopanda ngazi. Kazi hizo bado ni za jirani wa kiti, na ni vigumu kumwomba msaada mtu ambaye hujamsalimu kwa saa tano. Basi yampasa asafiriye leo, kwa reli au kwa basi la Garsen, kufanya kama walivyofanya wale wa vitanda vinne: asalimu kwanza, asipekue, na alinde mzigo wa mwenziwe kama wake. Hayo hayana nauli, na hayamlazimishi mtu kutoa siri hata moja.