Safari ya Amani kwa Ajili ya Kijiti Kimoja

Mtu ahamiaye katika nyumba iliyokaliwa na wengine hurithi mambo asiyoyajua: mlango uliolegea, kisima chenye maji ya chumvi, na miti ambayo hakuipanda yeye. Sisi tulihamia kando ya Muheza, mahali ambapo njia ya kwenda milima ya Usambara ya Mashariki huanza kuyaacha mashamba ya mkonge. Tulikuta minazi, michungwa, na nyuma ya jiko vijiti viwili vya namna moja, hatua tatu kati ya hiki na kile. Vilipita kimo cha mtu, gome lake laini la rangi ya majivu, na matawi manene yaliyojaa maji.

Minazi na michungwa haihitaji mwalimu. Walakini vile viwili kila jirani alivipa jina lake. Mmoja alisema ni mnyonyo. Wa pili alisema ni dawa ya vidonda, jina lake limemtoka. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alicheka akasema, “Huo ni mti wa dizeli, Mwalimu,” nasi tukadhani anafanya mzaha.

Neno hilo halikuweza kungoja, kwa sababu mbili. Kwanza, watoto walikuwa wameanza kuokota matunda yake, wakiyapasua na kupanga mbegu nyeusi juu ya jiwe kama njugu za kuuza. Pili, mahali pale hasa ndipo tulipotaka kuchimba msingi wa ghala ya mahindi, na vijana wa kuchimba walikuwa wamekwisha kupatana nasi bei.

Basi, nilipokuwa na kazi ya kwenda Amani, nilikata kitawi nikakichukua. Na hapa nawaambia walimu wenzangu: anayetaka kujua jina la mti asichukue jani peke yake, maana majani ya miti mingi hufanana kama ndugu. Achukue kitawi chenye jani, ua na tunda pamoja, akakifunge katika karatasi kavu, wala asikitie katika mfuko wa nailoni, kwani huko huoza upesi. Tena akumbuke mahali mti uliposimama na ulivyo jirani na miti mingine. Hilo la mwisho ndilo lililotufaa kuliko yote.

Kutoka Muheza gari hupita mashamba, kisha mto Zigi husikika kabla haujaonekana. Penye Zigi ipo nyumba ya zamani ya stesheni ya reli, iliyojengwa wakati wa Wadachi, kwa maana reli ndogo ilipanda kutoka Tengeni ikaishia hapo. Reli yenyewe imekwisha kuondolewa zamani. Baada ya hapo njia hupinda na kupinda, joto hubaki chini, na abiria waliokuwa wakipiga kelele hunyamaza wakatafuta shuka zao. Amani iko juu ya bahari kadiri ya mita 900. Mvua ni nyingi, na chai hustawi katika mashamba ya jirani.

Sikuchagua Amani bure. Mwaka wa 1902 Wadachi walianzisha hapo chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakapanda miti ya kila nchi: kwinini kwa ajili ya homa, mpira, kahawa, mikaratusi, viungo na mingine mingi, wapate kujua upi utafaa katika nchi hii. Mingine ilikufa. Mingine ilikaa kwa adabu mahali ilipopandwa. Na mingine ilitoka bustanini ikaingia msituni bila kuombwa, kama ule mti mrefu uitwao Maesopsis eminii, ulioletwa kutoka pande za Ziwa Viktoria, ambao leo umesonga sehemu kubwa za msitu. Tangu mwaka wa 1997 msitu wa Amani ni hifadhi ya serikali. Kwa hiyo wenyeji wa huko wamezoea kuulizwa habari za miti migeni, kama watu wa bandarini walivyozoea kuulizwa habari za meli.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya vitalu tangu ujana wake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Umeleta mgonjwa?”

Nilimpa kitawi. Hakutazama ua kwanza. Alivunja kikonyo cha jani, akaacha utomvu udondoke juu ya ukucha wake, akasema tungoje ukauke. Ulipokauka uligeuka rangi ya chai. “Ukidondoka juu ya kanzu yako nyeupe, mkeo hatautoa,” akasema. Kisha akalifungua tunda, akatoa mbegu tatu.

“Si mnyonyo,” akasema. “Jani la mnyonyo limechanwa sana kama vidole vya mkono vilivyotanuliwa, tena pembezoni lina meno, hili lina pembe chache tu, zisizoingia ndani. Tunda la mnyonyo kwa kawaida lina miiba laini. Hili ni laini kama ndimu changa. Mbegu ya mnyonyo ina madoadoa; hizi ni nyeusi.” Akanyamaza kidogo. “Mti huu umesimama wapi?”

“Nyuma ya jiko.”

“Peke yake?”

“Iko miwili, hatua tatu kati yake.”

“Mwalimu, huu ni mbono kaburi. Kabla hujachimba, uliza kwanza ni nani aliyelala pale.”

Wataalamu huuita Jatropha curcas. Neno la kwanza limetungwa kwa maneno ya Kiyunani yaliyo na maana ya tabibu na chakula, nami naona aliyelitunga hakuwa na watoto wanaookota mbegu. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na Wareno ndio wanaotajwa kuwa waliutawanya hata Afrika na Asia. Ni wa jamaa moja na mnyonyo, muhogo na mpira. Mbegu zake zina mafuta mengi. Katika karne ya 19 zilichukuliwa kutoka visiwa vya Cape Verde kwenda Lisbon kwa taa na sabuni. Yule fundi wa pikipiki naye hakufanya mzaha: miaka ya 2005 na kuendelea makampuni yalikuja Tanzania kuulima kwa ajili ya mafuta ya injini, mavuno yakawa haba kuliko ilivyotumainiwa, na mengi yakaacha.

Sumu yake imo hasa katika mbegu, na ubaya wake ni kwamba si chungu. Mtoto huzila kwa furaha, na baada ya muda mfupi koo huwaka, tumbo hukata, hutapika na kuharisha. Wengi hupona, lakini mtoto mdogo aweza kuishiwa na maji mwilini upesi. Asitapishwe kwa nguvu wala asipewe mitishamba. Apelekwe zahanati mara moja, na mbegu zichukuliwe ili mganga azione. Za mnyonyo zikitafunwa ni za kuogopwa zaidi.

Na kwa nini kaburini? Yule mzee alinieleza kwa maneno machache. Kijiti chake kikichomekwa ardhini huota bila kutunzwa, mbuzi hawali, jua la kiangazi hakiliogopi. Mtu asiye na saruji wala jiwe la kuandikwa angeweza kumwekea mzazi wake alama ya kudumu kwa panga na dakika moja.

Niliporudi nilimwendea bibi aliye mkongwe kuliko wote kitongojini. Nilipomtajia vijiti viwili hakuuliza vipi. “Mwanangu, hapo ndipo alipolala mama yake aliyejenga nyumba ile,” akasema. “Mwingine wa kichwani, mwingine wa miguuni.” Wajukuu wa marehemu, waliotuuzia, walikuwa wamekulia mjini, wala hawakuambiwa.

Mke wangu alitaka miti ikatwe kwa ajili ya watoto, na hoja yake ina nguvu. Lakini mbono ukikatwa huchipuka shinani, na kuung'oa kabisa ni kuchimba palepale tusipotaka kuchimba. Tumepatana hivi: miti ibaki, matunda yachumwe kila Jumamosi yangali mabichi na kutupwa chooni, na ua wa fito uzungushwe. Watoto wameonyeshwa mbegu mkononi na kuambiwa madhara yake, maana katazo lisilo na sababu huwavuta. Msingi wa ghala umesogezwa hatua 8 kuelekea michungwani, na wachimbaji wamedai nyongeza. Wajukuu wamepelekewa habari Korogwe. Wamejibu kwamba watakuja baada ya mavuno.