Mdogo wangu, simu ya mama na rafiki asiye na sura



Leo naandika juu ya mdogo wangu. Jina lake sitaliweka, picha yake pia sitaiweka, mkisoma mpaka mwisho mtaelewa sababu. Ana miaka 15. Tunaishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, tangu tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini.

Mdogo wangu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na shuleni bado yuko na watoto wadogo sana kwake. Majirani wanasemaga ana akili ya mtoto wa miaka saba. Mimi hilo neno silipendi, kwa sababu si kweli. Ndevu zimeanza kumtoka. Anataka marafiki, anataka kuzungumza mpira, anaona aibu mama akimwogesha. Halafu kuna kitu kimoja anatushinda sisi wote nyumbani: namba. Herufi zinamkataa, lakini namba ya simu akiisikia mara moja, imekaa. Wekeni hilo akilini, maana ndipo walipoingilia.

Kwetu simu ya tachi ni moja, ya mama. Ndiyo inapokea pesa, ndiyo shangazi anapigia kutoka Marekani, ndiyo mimi nasomea. Jioni mama akipika, mdogo wangu anaichukua. Kwa sababu hasomi, yeye anaishi kwa voisi. Aliingizwa kwenye grupu moja la WhatsApp la mpira, hatujui na nani, na huko akapata rafiki. Mwanaume, sauti nzuri, Kiswahili cha kwetu kabisa. Kila jioni anamtumia voisi: umekulaje, leo nani atashinda, wewe ni ndugu yangu. Jamani, hapa kambini ni nani mwingine alikuwa anamuuliza mdogo wangu amekulaje?

Siku moja yule rafiki akamwambia: kuna namba sita zitakuja kwa simu, nisomee. Kwa mdogo wangu hiyo ilikuwa furaha, mtu amemwomba kitu anachokiweza. Akazisoma zote sita, bila kosa.

Usiku huohuo WhatsApp ya mama ikafa. Kesho yake watu wote waliomo kwa simu walipata ujumbe kwamba mama amelazwa, anaomba msaada. Shangazi akatuma dola 150. Tulipojaribu kurudisha akaunti kwa laini yetu, tukakuta mwizi ameshaweka namba yake ya siri, ikabidi tungoje siku saba. Siku saba mama anaitwa mwizi na watu wa ukoo.

Mama alimpiga. Nasema kama ilivyokuwa. Halafu akafunga simu ndani ya gunia la nguo na kusema: "Huyu mutoto simu hataigusa tena mpaka nife." Mimi nilikubali. Jirani alikubali. Mzee wa kanisa alisema mama amefanya vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye.

Kama wiki tatu zikapita. Kuna kinyozi hapa karibu ambaye pia anacharji simu za watu kwa sola. Mdogo wangu anamfagiliaga nywele, na yeye anamwachia simu yake asikilize muziki. Asubuhi moja kinyozi alikuja nyumbani, hajasalimia hata vizuri, akanipa simu: "Dada, angalia vitu viko humu. Mimi sitaki matatizo."

Alikuwa ni yule rafiki. Tulichukua simu, lakini namba yake tuliiacha kichwani mwa mdogo wangu. Voisi zilikuwa nyingi. Za mwanzo ni mpira. Za mwisho zinaomba picha. Moja ilikuwa imeshatumwa: mdogo wangu pale tunapoogea, kifua wazi, anacheka. Iliyofuata aliambiwa asivae kitu. Hiyo bado hajaituma, kwa sababu asubuhi ile kinyozi aliwahi simu yake.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alinitazama kama mimi ndiye sielewi mambo. "Yaya, mukijua mutaninyanganya. Na yeye ananisalimiaka kila siku."

Hilo jibu limenikaa. Tulidhani tumemlinda. Tulichomfundisha ni kitu kimoja tu: kwamba ukisema, unapigwa na unapoteza rafiki. Mtu mbaya alikuwa ameshamwambia "usimwambie mama yako", nasi tukamsaidia kazi.

Nikawa na hasira. Nilitaka kuzirusha zile voisi na picha kwenye magrupu yote ya Nakivale ili watu wamjue. Mama mmoja wa ofisi ya ulinzi wa watoto ndiye aliyenizuia. Aliniambia: ukiirusha, uso utakaotembea ni wa mdogo wako, wa huyo mtu hauna. Picha ya mtoto ya namna hiyo haitumwi kwa yeyote, hata kwangu mimi. Leta simu yenyewe, usifute kitu, andika namba na tarehe kwa karatasi, halafu ndipo tumblok. Na kama ni usiku au ofisi imefungwa, hapa Uganda kuna laini ya watoto ya bure, 116. Ile namba ya yule mtu ilizimika baada ya siku chache. Mpaka leo hatujui ni nani. Sitawadanganya kwamba alikamatwa.

Baada ya hapo mama akaanza kuzungumza na mama wengine wenye watoto kama wetu. Tukawa tunakaa mbele ya nyumba Jumapili, watano, saa nyingine sita, kila mmoja na simu yake mkononi. Hapa nataka wafanyakazi wa mashirika wasikilize kidogo. Semina nimehudhuria. Mnatupa karatasi nzuri yenye rangi, imeandikwa "usiongee na wageni kwenye intaneti". Kwa mdogo wangu hiyo haina maana. Mgeni ni mtu asiyemjua, na mtu akimtumia voisi tatu ameshamjua, si mgeni tena. Na mama yangu hajui kitufe cha "privasi" kiko wapi, kwa sababu simu yake iko kwa Kiingereza na kioo kimepasuka palepale.

Kilichomsaidia mdogo wangu ni kipande cha katoni. Tulichapisha sura ndogo za watu tisa: mama, mimi, shangazi, mwalimu, na wengine anaowapenda, na chini ya kila sura namba, kwa kuwa namba ndiyo lugha yake. Sheria ni moja. Asiye kwenye katoni akiita au akiandika, unaleta simu kwa mama au kwa yaya. Hujakosea. Hupigwi. Simu inarudi mkononi mwako. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu, na ilikuwa ngumu kwa mama, si kwa mtoto. Mara ya kwanza alipoleta, mama mkono ulikuwa umeshapanda. Nikamshika. Akampa simu yake, akaingia ndani akalia.

Kwenye mipangilio ya WhatsApp tulifanya mambo machache: anayeweza kumwingiza kwenye grupu ni mtu aliyehifadhiwa kwenye simu tu, picha ya profaili wanaiona haohao, simu za namba ngeni zinanyamaza, na tukaweka ile namba ya siri ambayo mwizi alitutangulia kuiweka. Mdogo wangu hatukumwambia hiyo namba. Tunajua ataisoma vizuri sana.

Lakini msichukue hayo yetu mkabandika kwa kila mtoto. Katika wale mama kuna mmoja binti yake hasikii. Shangazi yake alisikia semina kwamba mtoto asiwashe kamera, akamkataza. Sasa binti anayeongea kwa mikono, ukimzimia kamera umemfunga mdomo. Kwake tulifanya kinyume: video iwe wazi, lakini akae barazani watu wanapopita, na mama yake ajifunze alama chache, hata ile ya "ameniomba kitu kibaya". Hiyo alama hatukuwa nayo. Binti aliitengeneza mwenyewe, na hakufikiri muda mrefu. Mama yake alitushtukia wote kwa macho.

Mwingine ana mvulana ambaye video moja anaitazama mara mia, na ikiisha inayofuata inajifungua yenyewe, na ya baada ya hapo, mpaka anafika kwenye watu wanaochinjana. Ukimnyima, anajigonga kichwa ukutani. Kwake dawa ilikuwa rahisi: video zake zimewekwa kwenye memori kadi, simu haina bando. Na tangu Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, simu nyingi zina VPN za bure zinazorusha matangazo ya kamari na ya wanawake uchi. Mtoto anayebonyeza kila kinachowaka, hiyo itoe kabisa.

Nimalize na langu mwenyewe. Kabla ya haya yote nilikuwa nimeweka TikTok video ya mdogo wangu anacheza muziki, jina lake juu, jina la kijiji chetu chini. Nilipata mioyo mingi. Kama yule mtu alimpata kupitia kwangu, sijui. Nimeifuta. Na nyinyi wa mashirika, zile picha mnazowapiga watoto wenye ulemavu mkigawa baiskeli za magurudumu, muwaulize kwanza. Muwaulize wao, si mama zao tu.

Sasa hivi mdogo wangu analeta kila kitu. Saa kumi na moja asubuhi ananiamsha na simu usoni: "Yaya, huyu hana sura kwa katoni." Jana ilikuwa ujumbe wa kampuni ya simu, wanauza bando. Nikamshukuru kama ilivyo sheria yetu, nikamrudishia simu.

"Nimublok?" akauliza.

Nikamwambia ajaribu, lakini huyo huwa harudi nyuma.