Fundi na Maagizo Yake

Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Chwele huniuliza: yawezaje mtoto kuzaliwa mgonjwa wa damu, hali wazazi wake ni wazima?

Yafaa ujue, msomaji, ya kuwa ndani ya chembe za mwili mna mafundi wadogo mno, waitwao ribosomu. Kila mmoja ameundwa kwa protini zipatazo 80 na nyuzi nne za RNA. Kazi yake ni kusoma maagizo ya urithi na kuunga protini, ikiwemo himoglobini ya damu.

Kazi hiyo huharibika kwa njia mbili. Pengine fundi mwenyewe ana kasoro: mwaka 1999 wataalamu waligundua ya kuwa hitilafu ya protini moja tu ya ribosomu, RPS19, huwapunguzia watoto wachanga damu. Pengine fundi ni mzima, lakini maagizo yana kosa. Ndiyo selimundu, tuijuayo sana huku Bungoma: katika mnyororo wa vipande 146, cha sita tu kimebadilika, na chembe za damu hupinda kama mundu.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa kosa hilo, likirithiwa kwa mzazi mmoja, humkinga mtu kwa kiasi na malaria. Likirithiwa kwa wote wawili, huleta ugonjwa.

Basi ukiwasikia watu wakimteta mama wa mtoto mgonjwa, ati amelaaniwa, usiteta nao. Fundi ametii maagizo aliyopewa. Mama hana hatia, wala baba. Washauri wampeleke mtoto akapimwe damu mapema.