Mwanao yuko chuo cha uuguzi? Msaidie kwenye maneno

Binti amefaulu kidato cha nne, masomo ya sayansi amepata vizuri, na sasa yuko mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Matokeo ya muhula yanatoka, alama ni za chini. Nyumbani maneno yanaanza: "Huyu anachezea simu." Kabla ya kumgombeza, mzazi afungue kwanza daftari lake.

Watanzania wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kinawapokea sekondari. Chuoni unakuja mzigo mwingine, kwa kuwa majina mengi ya magonjwa na ya viungo yametoka Kigiriki na Kilatini. Hata kijana aliyezaliwa London huyasoma kama mgeni.

Nafuu ni kwamba maneno hayo yameungwa kwa vipande. "Hepati" ni ini, "nefri" ni figo, "gastri" ni tumbo. Mkia "aitisi" unaeleza kiungo kilichovimba kwa kushambuliwa. Basi hepataitisi ni ya ini, nefraitisi ni ya figo. Anayejua vipande vichache anafungua maneno mengi bila kukariri.

Penye hatari ni "haipa" na "haipo". Haipaglaisemia ni sukari kupanda, haipoglaisemia ni sukari kushuka. Masikioni yanakaribiana, lakini matibabu yanapingana. Mgonjwa aliyeshukwa na sukari anahitaji glukosi. Akichomwa insulini anaweza kupoteza maisha. Hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwanafunzi: "haipo", yaani sukari ya kutosha haipo.

Hiyo ni nusu ya kazi. Wodini mama hazungumzi Kigiriki. Anasema mtoto alishikwa na degedege, au ana kichomi, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Hilo la mbavu ni dalili ya nimonia, na muuguzi anayejua jina la kitabuni tu anaweza kulipita. Vilevile mgonjwa akiambiwa ana "homa ya ini" huenda akajigusa shingoni, akakuta hana joto, akaacha kurudi kliniki. Kumbe wengi wenye hepataitisi B hawahisi homa yoyote. Anayejua lugha zote mbili ndiye atakayemweleza akaelewa.

Mzazi hahitaji kujua udaktari ili asaidie. Mnunulie mwanao daftari dogo alipige mistari, apate safu tatu: neno la kitabuni, vipande vyake, na jinsi mgonjwa anavyolisema. Akija likizo, bibi na shangazi ndio walimu wa safu ya tatu. Kisha mwambie amweleze bibi kwa Kiswahili presha yake ni nini na kwa nini dawa haziachwi akijisikia nafuu. Bibi akielewa, ujue na mwanao ameelewa.