Waulize Waliokosa

Hapa Kilo, kama kwenye machimbo yote ya dhahabu ya Djugu, habari inayosafiri ni ya aliyepata. Kajenga, kanunua pikipiki, kaoa. Yule ambaye shimo lake lilijaa maji kabla hajaona hata punje hatangazi. Karudi kwao usiku, deni la PDG, mfadhili wa shimo, likiwa bado shingoni. Basi kijana anayetaka kuingia shimoni anapiga hesabu kwa majina ya washindi tu. Nadhani imekuwa hivyo tangu 1903, Wazungu walipoigundua dhahabu ya huku.

Mtego huo huo upo hata vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Abraham Wald, mwanahisabati aliyekimbilia Marekani kutoka Austria, alipewa hesabu za ndege zilizorudi zikiwa na matundu ya risasi. Yeye akaziwaza zile ambazo hazikurudi. Pale ambapo zilizorudi hazikuwa na matundu mengi, ndipo risasi zilipoziangusha zile nyingine. Nami siku hizi mtu akinisifia biashara, humwuliza: nani aliijaribu akashindwa, na yuko wapi nikamsalimie?

Swali la pili nimelipata kwa wachimbaji wenyewe. Jiwe likimetameta manjano, mgeni huligeuza juani akatabasamu. Mzoefu hulipeleka kivulini. Dhahabu haibadiliki rangi; pairaiti, jiwe linalofanana nayo, hung'aa upande mmoja, ukiigeuza inafifia. Akiwa bado na shaka, huiweka punje juu ya chuma na kuigonga kwa nyundo. Dhahabu hutandazika kama donge la chapati, pairaiti hupasuka ikawa vumbi jeusi. Tazama anachofanya: hatafuti sababu nyingine ya kuamini, anaipa punje nafasi ya kumwumbua. Juani kila kitu ni dhahabu. Kwa hiyo kabla sijakopa au kumwamini mtu, hujiuliza: kama ninajidanganya, nitaona nini wiki hii hii? Nikikosa jibu, mfukoni sitoi kitu.

Wapo wanaoliona vumbi jeusi na bado wanachimba. Shimo limeshameza bei ya ng'ombe wawili. Kuliacha kunauma kuliko kuongeza wa tatu. Hapo nyundo haisaidii. Kinachosaidia ni kutaja kikomo kabla sururu ya kwanza haijagusa udongo, tena kukitaja mbele ya mke. Yeye hatasahau.