Habari za Safari Yetu ya Lisbon, Mji wa Wareno

Tangu tuliporudi kutoka Ulaya watu wengi wametuuliza, "Mliona nini huko?" Basi twawaandikia habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako sisi, mume na mke, twalikaa majuma matatu katika mwezi wa Juni. Twalikuwa wageni wa rafiki zetu, nao pia ni mume na mke, ambao zamani walifundisha shuleni pamoja nasi, na Kiswahili wakijua. Hatukuitwa na kazi wala mkutano; twalikwenda kuamkiana na kupumzika.

Lisbon umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo uingiapo baharini. Njia zake nyingi ni nyembamba, za kupanda na kushuka, hata yako magari madogo ya reli yawapandishayo watu vilimani. Sisi twalipenda kwenda kwa miguu asubuhi, polepole, tukipumzika penye kivuli. Juu ya kilima kimoja twaliona kanisa kubwa la Carmo lisilo na dari. Lilivunjwa na tetemeko la nchi la tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wengi walipokuwa makanisani. Baada ya tetemeko ukaja moto, na maji ya bahari yakafurika. Wenyeji waliujenga mji upya, lakini dari ya Carmo haikurudishwa mpaka leo.

Sasa habari za chakula. Wareno wapenda sana samaki. Yuko mmoja aitwaye bacalhau, wa bahari za baridi za kaskazini, ambaye hutiwa chumvi na kukaushwa, kama watu wa pwani wafanyavyo ng'onda. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili, na maji hubadilishwa mara kwa mara ili chumvi ipungue. Mama mwenye nyumba alitupikia pamoja na viazi, vitunguu, mayai na mafuta ya zeituni. Tena, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, tarehe 13 Juni, watu huchoma samaki wadogo waitwao sardinha njiani mbele ya nyumba zao, hata mtaa hujaa moshi. Samaki huwekwa juu ya kipande cha mkate, mafuta yake yakaingia ndani, na mkate huo huliwa mwisho, nao ndio mtamu kuliko vyote. Na huko Belém liko duka liuzalo tangu mwaka 1837 vikate vya mayai, maziwa na sukari. Hunyunyiziwa mdalasini, na huliwa vingali moto. Twalikula viwili viwili, kisha tukaagiza vingine.

Jioni moja tuliandaliwa kuku wa kuchoma mwenye mchuzi mkali uitwao piri-piri. Tukacheka, maana ndiyo pilipili yetu, neno walilolichukua Afrika. Ndipo tukaanza kuhesabu maneno. Mesa yao ndiyo meza yetu. Lenço ni leso. Bandeira ni bendera. Vinho ni mvinyo. Tena mahindi na muhogo, ambavyo kwetu leo ni chakula cha kila siku, asili yake ni bara la Amerika, na merikebu za Wareno ndizo zilizovileta Afrika.

Lakini tulipofika neno gereza, kicheko kikakoma. Wataalamu wa lugha husema latokana na igreja, maana yake kanisa. Rafiki yetu akauliza, "Mwalimu, kanisa limekuwaje kifungo?" Tukamjibu kwamba kanisa la Wareno huko Mombasa lilikuwa ndani ya ngome ya askari, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Akauliza tena, "Na Vasco da Gama, kwenu husemwaje?"

Sisi wawili tukatazamana. Je, mgeni ale chakula cha mwenyeji, kisha ayataje mabaya ya wazee wake? Lakini kumficha rafiki aulizaye kweli, nako si heshima. Basi tukaeleza bila ukali: mwaka 1498 da Gama alipokewa vema Malindi, akapewa rubani wa kumwongoza hata Bara Hindi; na mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zikaja, zikaiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Bwana yule akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba shuleni walifundishwa habari za merikebu, habari za miji ile hawakufundishwa. Mkewe akatujazia sahani mara ya pili, tukaendelea kuzungumza hata usiku wa manane.

Siku ya pili yake sote wanne tulikwenda katika kanisa la Jerónimos, Belém, lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16. Sehemu ya gharama yake ilitoka katika kodi ya biashara ya Afrika na ya Mashariki. Nguzo zake ni ndefu na nyembamba, na mawe yamechongwa mfano wa kamba za merikebu. Humo limo kaburi la da Gama. Rafiki yetu alisema kwamba amekwisha kuingia humo mara nyingi akayasifu mawe, na siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuifikiri Kilwa.

Ndugu, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nasi twaona kwamba mgeni naye hupona. Atakayekwenda ugenini asifanye haraka. Ale waliacho wenyeji, ajifunze maneno yao, na akiulizwa kweli aiseme kwa adabu. Urafiki wetu haukupungua kwa maneno ya jioni ile. Rafiki zetu wakusudia kuja kwetu mwakani, nasi tumewaahidi kuwapeleka Kilwa Kisiwani, wakayaone magofu kwa macho yao, kisha tule pamoja mezani petu. Kwa herini.